Asiye na Andalio Hana Jezi

Wallahi wabillahi, haya ninayoyaandika yametokea yote, tangu neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Mimi Mikdad, mtunza stoo ya michezo mstaafu wa Chuo cha Ualimu Mikokoni, hapa Bagamoyo, sikuongeza hata punje ya chumvi. Na kwa kuwa nawajua watu wa mji huu, ukiwaapia wanataka na rehani juu yake, basi rehani ni hii: mtu akinishika na uongo mmoja tu, nitapiga chokaa mistari ya uwanja wa chuo msimu mzima, peke yangu, kwa magoti haya haya ambayo nikiyakunja yanalia kama mlango wa banda la kuku.

Mke wangu Zuleha aliponisikia naapa alikuwa anakuna nazi. Akasita, akasema, "Baba Shamsia, chokaa hiyo ukaanze kuitafuta leo leo." Mwanamke hana imani huyu. Tuendelee.

Aliyeniomba niandike ni Kocha Kuruthumu. Anaendesha semina ya makocha wa vyuo vya Pwani, watu kumi na mmoja, na siku ya mwisho alitaka wasikie kisa cha mwaka jana. "Babu Mikdad, wewe ulikuwapo," akaniambia. "Waandikie ilivyokuwa, kisha uje uwasomee mwenyewe."

Ilivyokuwa. Hilo neno alilirudia mara mbili.

Stoo nimeitunza miaka thelathini na moja. Shule niliishia darasa la nne. Kusoma nilikukamilishia kwenye vipande vya magazeti walivyofungia maandazi, ndiyo maana habari nyingi ninazozijua hazina mwisho, zimeishia kwenye mafuta. Ukocha nilijifunza redioni. Na nimeona mambo. Mwaka mmoja beki wetu alibutua mpira ukavuka ukuta, ukavuka mikoko, tukaja kuuona baada ya siku tatu kule Makurunge, umekaa katikati ya miwa na umeshaanza kuota mizizi. Hilo ni jambo la kawaida tu, nalitaja ili mnizoee.

Kuruthumu alikuja na begi moja na ubao mdogo mweusi kwapani. Kwao Miono, wakulima wa ufuta. Miaka ishirini na tisa, mfupi, sauti ya mtu aliyezoea kuita watu toka shamba la pili. Akasimama mlangoni mwa stoo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Mipira ya netiboli iko rafu ya chini."

"Nimefuata ya miguu."

"Ya kufanyia nini?"

"Mimi ndiye kocha mpya wa wavulana."

Nikacheka mpaka nikashika mlango. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Aliingia, akaanza kuibana mipira kwa dole gumba, mmoja mmoja, na ile isiyokuwa na upepo akaiweka kando. Kisha akatoa daftari, akaandika: Mipira kumi na minne, mizima mitano. Nikaacha kucheka, maana kwenye kumbukumbu zangu ilikuwa mizima kumi na minne.

Tangu siku hiyo daftari lile halikumtoka mkononi. Alikuwa anatafuta leseni ya ukocha, na ili uipate, chama cha makocha kinataka uandike kila zoezi, kila jeraha, kila uamuzi na sababu yake. Kisha anakuja mkufunzi kukutazama. Mkufunzi wake alikuwa Bi Shaikha, mama wa ukoo wa wale wauza vitambaa wa mjini, buibui jeusi juu, raba nyeupe chini. Siku ya kwanza alipokuja alimwambia Kuruthumu mbele yangu, "Mimi kombe sikuja kulitazama. Kombe linatazamwa na kila mtu. Nionyeshe daftari."

Lakini ndani ya chuo mwenye kauli alikuwa Makamu Mkuu, Bwana Ishaka, na yeye daftari hakulitaka hata kulishika. Mkataba wa Kuruthumu ulikuwa wa mwaka mmoja, ukiisha mwezi wa sita. Fainali ya vyuo ilikuwa mwezi wa tano. Bwana Ishaka alimwita ofisini, mimi nikiwa pale napeleka funguo, akamwambia wazi:

"Kombe, Kocha. Mengine ni maelezo. Likija, unabaki. Lisipokuja, kuna watu kumi wameleta barua za kuomba nafasi yako."

"Nimekuelewa, Makamu."

"Nafurahi."

"Na mimi naomba unielewe. Nitalitafuta kwa wachezaji wa chuo hiki tu."

"Nani kasema vingine?" Bwana Ishaka akauliza, akainamia karatasi zake.

Nje nikamwambia, "Mwanangu, mambo mengine huwa hayasemwi mbele ya bosi." Akanijibu, "Ndiyo maana nimeyasema." Basi akaenda zake uwanjani.

Sasa niwaeleze sheria yake, maana kisa chote kinaning'inia hapo. Chuo chetu ni cha walimu. Kila mwanafunzi pale anaitwa mwalimu tangu siku anayoripoti na godoro lake, hata akiwa chooni wenzake wanagonga, "Mwalimu, toka!" Kuruthumu akasema, kama ninyi ni walimu, mtacheza kama walimu. Ule ubao wake mdogo akautundika kwenye mlingoti wa goli. Kila Alhamisi kabla ya mazoezi, mchezaji mmoja anakuja na andalio la somo lake limeandikwa, na lengo, na hatua, na tathmini, anawafundisha wenzake dakika kumi pale pale golini, wamekaa kwenye nyasi na bukta zao. Asiye na andalio hana jezi. Hata awe nani.

Mshambuliaji wetu Bilali alidhani ni mzaha. Bilali alikuwa na mabao tisa kwenye mechi sita. Alhamisi yake akaja mikono mitupu, Kuruthumu akamweka nje ya mechi ya Jumamosi, na tukatoka sare na timu ambayo kipa wao alikuwa na homa. Mji mzima ukamsema. Sokoni Zuleha aliulizwa, "Yule kocha wenu anafundisha mpira au hesabu za kugawanya?" Alhamisi iliyofuata Bilali alikuja na andalio la kurasa nne, akafundisha sehemu za ua mpaka beki mmoja akaomba kurudia.

Tukafika fainali. Mpinzani wetu alikuwa chuo cha kilimo, vijana waliozoea kushinda shambani, mapaja kama magogo ya minazi. Wiki mbili kabla ya mechi Bilali akateguka kifundo cha mguu kwenye mazoezi. Akamwomba Kocha amtafutie sindano ya kuua maumivu acheze hivyo hivyo.

"Mguu huo una miaka hamsini ya kutembea darasani," Kuruthumu akamwambia. "Mimi nina miaka yangu mingapi na wewe? Mmoja. Kaa chini."

Hapo ndipo mimi Mikdad, kwa mapenzi niliyo nayo kwa chuo, nikapata wazo. Nasema kweli, sijifichi. Dada yangu ana mjukuu Saadani, anaitwa Mohamedi, mkaushaji samaki, miaka ishirini na moja. Mguu wake wa kushoto ukipiga mpira, samaki kwenye vichanja wanageuka upande wenyewe. Na stoo kulikuwa na kadi ya mwanafunzi mmoja aitwaye Saleh, aliyeacha chuo mwaka wa kwanza akaenda zake kwenye biashara. Picha ilishafutika na unyevu. Ungeweza kusema ni Mohamedi, ungeweza kusema ni jini. Watu wa michezo mchezaji wa namna hii tunamwita mamluki, lakini mimi siku ile nilimwita mgeni.

Nikampigia simu. "Mjukuu, njoo na njumu."

"Babu, nikija nalala wapi?"

"Kwangu."

"Kwa mke wangu Zuleha? Nakuja leo hii. Wewe tafuta pa kulala."

Ndivyo tunavyotaniana, mtu na mjukuu wake.

Nikampeleka mazoezini, nikamwambia Kocha kwamba huyu ni Mwalimu Saleh, alikuwa anauguza kwao, amerudi masomoni. Bwana Ishaka alipita, akamtazama miguu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea na safari yake. Dakika ya tano Mohamedi alipiga shuti, mtambaa wa panya wa goli ukatetemeka mpaka adhuhuri ya siku ya pili. Vijana wakashangilia. Mimi nikamtazama Kuruthumu. Alikuwa anaandika.

Kisha akaita, "Mwalimu Saleh!"

Mohamedi anafunga kamba za njumu.

"Mwalimu Saleh!"

Mohamedi akatazama nyuma yake kuona mwalimu yupi anaitwa. Nikakohoa. Nikakohoa tena kama mwenye kifaduro. Ndipo akashtuka, "Naam, Mama!"

"Keshokutwa Alhamisi ni zamu yako ya kufundisha," Kuruthumu akamwambia. "Andalio usisahau."

Usiku ule na uliofuata nilimwandikia andalio mwenyewe, kwa elimu yangu ya vipande vya magazeti. Alhamisi akasimama mbele ya ubao, chaki kaishika kama kisu cha kupasulia papa. Akaitazama karatasi yangu, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema, "Mimi nitasema ninachokijua. Samaki." Akawaeleza namna ya kumjua samaki aliyelala. Jicho, usitazame, linadanganya, muuzaji analimwagia maji. Gamba, usitazame. "Fungua shavu. Likiwa jekundu, nunua. Likiwa kijivu, mwachie paka, na aliyekuuzia mwachie Mungu." Akachora shavu, akachora chumvi inavyoingia, akauliza maswali, akamsahihisha Bilali aliyejibu ovyo. Zilikwenda dakika ishirini na hapana aliyesogeza hata mguu.

Kuruthumu akapiga makofi, wote wakapiga. Kisha akasema kwa upole, "Somo zuri kuliko yote msimu huu. Nitajie namba yako ya usajili niandike alama."

Mohamedi akageuka kunitazama mimi, mbele za watu wote. "Babu, nimwambieje?"

Vijana waliangua kicheko. Kuruthumu hakucheka. Akawaacha waende kukimbia, akatukalisha sisi wawili kwenye benchi.

"Babu, hii leseni nikiipata kwa mgongo wa mtu mwingine, nitafundisha nini?"

"Mwanangu, vyuo vyote wanafanya."

"Vyuo vipi? Umevihesabu?"

"Kazi yako je? Makamu hatanii."

"Kazi yangu ndiyo hii ninayoifanya sasa hivi," akasema. Akamgeukia Mohamedi. "Na wewe, kidato cha nne ulipata nini?"

"Nilipata sifuri, Kocha. Siku za mtihani tulikuwa na msimu wa samaki."

"Kwa hiyo hukushindwa, hukufanya. Mtihani unarudiwa. Jina lako nani?"

"Mohamedi."

"Mohamedi, hutacheza. Lakini ukitaka vitabu, njoo."

Nikaona haya, wallahi. Jioni ile ile nikampandisha Mohamedi gari la kurudi Saadani, na ile kadi ya Saleh nikaichana vipande vinane.

Siku ya fainali uwanja ulijaa. Wao wakatangulia kufunga, sisi tukasawazisha kwa penalti. Dakika ya sabini na moja mshambuliaji wetu mwingine akashikwa na msuli, akatolewa. Benchi lilibaki na mtu mmoja tu, Yousuf, kipa wa akiba, kijana mnene wa mjini, baba yake ana duka la mabati. Tangu shule ya msingi hajacheza nafasi nyingine isipokuwa golini. Kuruthumu akamwambia vua glavu, ingia mbele. Akaingia.

Na hapo, jamaa zangu, dunia ikageuka. Dakika ya themanini na nane ikapigwa krosi ya juu. Yousuf akaruka, na mwili wote ule, akakaa hewani muda wa mtu kunywa kahawa kikombe kimoja. Akapiga kichwa. Mpira ukapasua wavu, ukatoka nje, ukampita mwuza kashata, ukaenda kugonga mlango wa ofisi ya Bwana Ishaka mara tatu kama mtu mwenye adabu. Kabla hawajakaa sawa akafunga la pili, na la tatu. Nne kwa moja. Tukabeba kombe, Kocha akabebwa juu ya kombe, na Bwana Ishaka akatia saini mkataba wa miaka mitano palepale, kwenye mgongo wa Yousuf.

*

Nilikuwa nimefika hapo, nikiwasomea wale makocha kumi na mmoja ukumbini, na wanapiga meza kwa kushangilia, Kuruthumu alipoinua mkono kutoka safu ya nyuma.

"Babu Mikdad."

"Naam, Kocha."

"Hebu tufungue shavu."

Akaja mbele na daftari lake, lile lile, jalada limekatika pembe. Akalifungua, akaliweka juu ya karatasi zangu. "Soma tarehe ya fainali. Sauti ile ile uliyokuwa nayo."

Nikasema sijaja na miwani. Kocha mmoja wa Kibaha akanivulia yake. Watu wa Kibaha wana kiherehere.

Nikasoma. Na sasa Kuruthumu ameniamuru nisizifute kurasa za mwanzo, niziache kama zilivyo, niongeze haya chini yake ili kila atakayesoma aone vyote viwili. Basi haya ndiyo yaliyokuwamo, pamoja na yale niliyokuwa nayajua mimi mwenyewe.

Mohamedi hakurudi Saadani. Alikaa kwangu siku zote zile, anamlia Zuleha maandazi yake na kumwita mke wangu. Kadi sikuichana. Siku ya fainali mimi ndiye niliyetoa jezi stoo, na jezi namba tisa nilimpa Mohamedi aivae ndani ya shati. Akakaa nyuma ya benchi kama mtazamaji. Jina la Saleh, ambalo Kocha alilikata kwenye orodha yake, lilirudishwa orodha ilipofika ofisini. Aliyelirudisha hakuulizwa, lakini kalamu ya bluu iliyokoza vile ilikuwa moja tu pale chuoni.

Mshambuliaji wetu alipotolewa dakika ya sabini na moja, tukiwa sare ya moja kwa moja, Bwana Ishaka alishuka jukwaani mpaka kwenye benchi. "Mwingize yule," akasema. "Yumo kwenye orodha. Kamisaa wa mchezo ana orodha, mwamuzi ana orodha. Kila kitu halali."

Nikamwambia Mohamedi vua shati. Akavua. Namba tisa ikawaka.

Bi Shaikha hakuwapo. Alikuwa ameondoka kidogo kwenda kuswali alasiri msikiti wa jirani. Nakumbuka nilitazama kiti chake kitupu, nikajiambia, Mungu mwenyewe ametupa nafasi. Hayo ndiyo mawazo yangu, mtu mzima wa miaka sitini na nane.

Nikamwambia Kuruthumu, "Mwanangu, hapana mtu atakayejua."

"Mohamedi atajua," akasema. "Hawa kumi uwanjani watajua, na mwakani wote wana madarasa ya kufundisha."

"Dakika kumi na tisa tu!" Bwana Ishaka akamwambia. "Unautupa mkataba wako kwa dakika kumi na tisa?"

Kuruthumu akachukua kalamu, akatembea kando ya mstari mpaka kwenye meza ya kamisaa, upande wa pili kabisa, uwanja mzima unamwangalia. Akaomba orodha ya chuo chetu. Akalikata jina la Saleh, akaandika pembeni, Si mwanafunzi, akatia saini. Kisha akarudi vile vile, bila kukimbia, akasema, "Yousuf, vua glavu."

Mohamedi akavua namba tisa, akamvalisha Yousuf kwa mikono yake. Ikambana tumbo.

Krosi ya dakika ya themanini na nane ilikuwapo kweli. Kipa wao alikuwa ameanguka, goli tupu, mpira unakuja wa juu, laini, kwa Yousuf aliyesimama hatua tatu kutoka mstarini. Ulihitaji kuguswa tu. Na Yousuf, kipa tangu shule ya msingi, akaruka, akaudaka. Kwa mikono miwili. Akaukumbatia kifuani kama ametuokoa.

Uwanja ukacheka, kisha kipenga. Wenzetu wakapiga adhabu haraka, sisi tungali tumeshika vichwa, wakakimbia nao mpaka mwisho. Mbili kwa moja. Kombe likapanda gari la chuo cha kilimo.

Yousuf alikuwa analia katikati ya uwanja. Kuruthumu akamfuata, akakaa naye chini. Kwenye daftari, chini ya matokeo, ameandika maneno haya, niliyoyasoma ukumbini kwa miwani ya kuazima: "Kosa la Yousuf ni langu. Sikuwahi kumfundisha kucheza mbele. Msimu ujao kila kipa afanye mazoezi ya nafasi mbili." Hakuandika neno msimu ujao kwa wasiwasi. Hapakuwa na msimu ujao siku ile, na yeye alikuwa ameshapanga mazoezi yake.

Na juu kidogo, dakika ya sabini na moja: "Mzee Mikdad ametoa jezi kwa asiyesajiliwa. Nimeongea naye. Ni mtu mwema, apewe kazi ya kweli ya kufanya."

Nikarudisha miwani. Kocha mmoja kijana akauliza, "Sasa Dada, ulipata nini?"

"Leseni nilipata. Bi Shaikha alilisoma daftari lote, siku mbili. Chuo kilinipa miezi sita, halafu miezi sita tena. Ndiyo ninayoimalizia."

"Basi? Miezi sita sita?"

"Basi." Akafunga daftari. "Ndiyo maana nimemkatiza Babu. Mkisikia kwamba tulishinda nne kwa moja, mtakwenda vyuoni kwenu mkisubiri kombe lije lenyewe kwa sababu mmetenda haki. Msimu wa kwanza lisipokuja, mtatafuta mamluki. Sisi tulifungwa. Na ingekuwa leo, ningelikata jina lile tena."

Kisha akanigeukia. "Babu, kwa nini uliandika vile?"

Nilitafuta uongo, na mimi sijawahi kuukosa. Haukuja. Nikamwambia, "Nilitaka nikupe kombe, mwanangu. Hata la karatasi."

Akazikusanya karatasi zangu, akanirudishia. "Ahsante, Babu. Chokaa iko stoo, mfuko wa kushoto."

Wale kumi na mmoja walipiga meza kuliko walivyopiga kwa mabao ya Yousuf.

Kwa hiyo leo, Jumatatu ya tatu, niko uwanjani na kopo, kamba na vigingi vyangu vinne, napiga chokaa kabla jua halijawa kali. Mohamedi ananisaidia kushika kamba? Thubutu. Yeye anarudia mtihani mwezi wa kumi na moja kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kila Jumatatu anatoka Saadani na samaki wa kuuza, akishauza anakaa kwenye benchi la uwanja na vitabu vya Kuruthumu, ananisomea hesabu kwa sauti na kuniuliza lini nitampa Zuleha talaka niende kupumzika. Yousuf anafanya mazoezi ya kupiga vichwa, mikono kafungwa nyuma kwa kitambaa. Zuleha alikuja wiki iliyopita, akasimama kwenye kona na sahani ya mihogo, akala mwenyewe, akaniangalia mpaka ikaisha.

Kuruthumu alipita sasa hivi. Akainama, akafumba jicho moja, akautazama mstari wangu kutoka kona mpaka kona.

"Umepinda, Babu."

"Umepinda kidogo tu. Hapana mtu atakayejua."

Alisimama pale pale na daftari lake, akasubiri. Nikachukua ufagio, nikaufuta mstari wote, nikarudi kwenye kigingi cha kwanza, nikapiga goti.